Foto za ndoa: dirisha, ampuli na neon, rangi zimenishinda

MwanaBirere
Bandugu munisaidie. Jumamosi nilipiga foto ndoa ya dada ya rafiki yangu huku Goma, mu sale, saa kumi na moja ya mangaribi, kushoto madirisha makubwa, juu ampuli za njano, na nyuma kwa viti vya wazazi kuko neon (zile taa za mrija). Tangu jana niko mu Lightroom, ile programu ya kutengeneza foto. Nikitengeneza bibi arusi, upande wa dirisha unakuwa bluu kama ziwa, nikirudisha dirisha yeye anakuwa machungwa. Mkono mmoja wa nguo bluu, wa pili njano, na ni nguo moja nyeupe! Mama yake uso kijani kama mgonjwa. Nilipiga RAW, faili ghafi ya kamera. Kesho kutwa wanazitaka.

Wa_Kadutu
Kama ni RAW usiogope. Unatafuta balansi moja ya rangi (ile inafanya nyeupe ionekane nyeupe) ya kutosha taa tatu, na haiko. Rangi ya mwanga inapimwa na kelvini, namba ndogo ni njano, kubwa ni bluu: ampuli za njano ziko karibu kelvini 3000, mwanga wa mchana 5500 na kupanda. Chagua taa moja njo iongoze, ile inaangaza uso, weka balansi juu yake, kisha fungua maski (kuchagua sehemu moja ya foto ya kutengeneza) upande wa dirisha tu, ongeza joto la rangi kidogo, ni kusema njano, punguza nguvu ya bluu lakini usiimalize. Kwa mama, ule kijani wa neon hautoki na kelvini, unatoka na kile kipimo cha pili, cha kijani na majenta (rangi kati ya nyekundu na zambarau). Maski ya uso na shingo, sukuma polepole upande wa majenta, midomo ikianza kuwa nyekundu kupita kawaida simama. Na usipime rangi pale paji la uso linang'aa, kwenye ngozi yetu ule mng'ao ni taa yenyewe inajionyesha, pima shavuni.

KatubaFoto
Hapa Lubumbashi nilipata mbaya zaidi, LED ya bluu tupu ya disko. Ile haina nyekundu ya kurudisha, ukivuta unapata nukta nukta tu, niliziweka nyeusi na nyeupe. Siku ingine omba wazime neon mbele ya kuanza, na kama uko na flashi ifunike na karatasi ya machungwa ifanane na ampuli.

MwanaBirere
Yaya wa Kadutu, mama amerudi! Aksanti sana. Ule mkono wa dirisha nimeuachia bluu kidogo, inaonekana mangaribi yenyewe. Ila maski inaacha mstari kwa shela.

Wa_Kadutu
Ongeza ulaini wa ukingo wa maski mpaka mstari upotee, kisha angalia tena shavu.