Mtoto akizaliwa Mirihi, kwao ni wapi?

Mleta mada:
Wakuu, juzi pale Mwaloni Kirumba, Mwanza, tukisubiri dagaa wa visiwani washushwe, kijana mmoja wa chuo alisema dunia imejaa, dawa ni kuhamia sayari ya Mirihi (Mars). Mzee mmoja akamuuliza, "Na kitovu cha mwanao utakizika wapi?" Tulicheka, ila swali limenikaa.

La dunia kujaa nalimaliza haraka. Tunaongezeka kama milioni 70 kwa mwaka, yaani karibu watu 190,000 kila siku. Uwanja wa CCM Kirumba haubebi hata theluthi yao. Roketi zipi hizo za kuwabeba kila siku?

Kwa hiyo watu wa kule wataongezeka kwa kuzaana tu, na mtu hazai kambini. Nimekaa kambi ya dagaa kisiwani. Giza la mwezi tunaingia ziwani na taa, mwezi ukitoka tunalala na kushona nyavu. Banda la mabati, kitanda cha fito, kila mmoja anahesabu siku za kurudi kwao. Kambi ya miaka na miaka, hakuna aliyepanda hata mwembe. Sasa nenda Ukara. Kisiwa kidogo, watu wamebanana tangu zamani, lakini shamba linatiwa samadi, ng'ombe anakatiwa majani analishwa zizini, hata mti una mwenyewe. Pale ni kwao.

Kituo cha anga cha kimataifa hakijakosa watu tangu Novemba 2000, na hajazaliwa mtoto hata mmoja. Kambi ya dagaa ile, tofauti ni gharama.

Mwalimu wa Nyegezi:
Mkuu, umesahau mwili. Wanaanga wakielea huko juu mifupa inayobeba uzito inapungua kama asilimia 1 kwa mwezi, ndiyo maana wanafanya mazoezi kila siku. Mirihi nako mvuto ni mdogo, mwenye kilo 60 za hapa, mzani utasoma kama 23. Mtoto aliyekulia hivyo umlete kumsalimia bibi yake Mabatini, ngazi zile za mawe atazipanda na magoti gani?

Dada wa Igoma:
Kaka zangu, mbona mnahesabu watoto kama mbegu za pamba? Mwaka 1975 wataalamu waliofanya kazi na NASA walichora makazi ya angani, gurudumu kubwa la watu 10,000. Haya, na wa 10,001? Wasukuma ng'ombe walipozidi walihama, wakaenda Geita, Rukwa, hadi Morogoro. Gurudumu halina pori la kuhamia. Hewa inapimwa, maji yanapimwa, kesho utaambiwa uombe kibali cha mimba. Mimi siendi.

Mleta mada:
Dada, la kibali umenishika, sina jibu. Ila baba yangu alihamia Geita kijana kabisa, akajenga, akatuzaa huko. Alipofariki tulimvusha kwa kivuko tukamrudisha Ukara. Kutoka Mirihi ni miezi zaidi ya sita njiani, na safari yenyewe inasubiri sayari zikae sawa, kila baada ya miezi 26. Maiti gani itasubiri? Watamzika hukohuko, na wanawe hawatakubali kumwacha peke yake.

Dada wa Igoma:
Sawa kaka. Ila mwanangu kazaliwa hapahapa Igoma, Tarime hajalala hata usiku mmoja. Muulize kwao wapi, atakwambia Tarime. Huyo wa Mirihi atataja wapi?