Kenya wamewazuia watu maarufu kutangaza kamari. Sisi wasanii wetu na klabu zetu tuwaache?

Msambaa wa Lushoto
Wakuu, habari za jioni. Mwaka 2025 Kenya walisimamisha matangazo yote ya kamari kwa siku 30, kisha wakatoa masharti yanayokataza watu maarufu kuyatangaza. Hapa kwetu Tanzania ukiwasha redio asubuhi ni kubeti, ukifungua simu ni msanii unayempenda kashika maburungutu, ukienda uwanjani jina la kampuni liko kifuani kwa mchezaji.

Sisi tuliokua na video za kukodisha, kasino tuliiona kwenye filamu za Las Vegas. Suti nyeusi, meza ya kijani, jamaa anasukuma pesa zake zote mbele, watu wanashika pumzi, anashinda. Ilikuwa mbali na sisi. Leo anayetuuzia ndoto ile ile ni mtoto wa Tandale, anaongea Kiswahili chetu, na tunajua alikotoka. Ndiyo maana inaingia haraka. Julai 2017 Everton ya Uingereza walipokuja uwanja wa Taifa kucheza na Gor Mahia ya Kenya, Rooney akafunga lile shuti la mbali, jina lililokuwa kifuani kwake lilikuwa la kampuni ya kubashiri. Watoto wa shule walilijua jina lile kabla hawajajua Everton inatoka mji gani.

Hoja yangu: wasanii na klabu wazuiwe. Naomba kuwasilisha.

Dereva wa Masafa
Mleta mada, mimi ni Simba damu. Mwaka 2022 tulisaini mkataba wa bilioni 26 na ushee kwa miaka mitano na kampuni ya kubashiri. Watani zetu Yanga nao walikuwa na wa kwao, mabilioni vilevile. Ukiziondoa hizo hela nani analeta nyingine? Viingilio vya elfu tano ndio vitamlipa mshambuliaji anayetakiwa Morocco? Mnapenda kufika robo fainali Afrika, mnachukia pesa iliyotufikisha.

Halafu hao Kenya mnaowasifia walishafuta kamari 2019. Matokeo yake Gor Mahia wakakosa hata nauli ya mechi za ugenini.

Binti Kahama
Kaka Dereva, mimi sijui habari za robo fainali. Nina mdogo wangu alikuwa na bodaboda ya mkataba. Alianza na mikeka ya buku, zile tiketi za kubashiri mechi, tukaona ni ujana. Kikaja kile kindege, mchezo wa kamari wa kwenye simu. Kama hujawahi kukiangalia kwa karibu, kiangalie siku moja. Kinapaa, namba zinapanda: 1.20, 1.80, 2.50. Pembeni kuna orodha inashuka ya watu wanaotoa hela zao, fulani katoa elfu arobaini, fulani laki. Wewe kidole kiko kwenye kitufe. Ukitoa mapema unaumia kwamba kimeendelea kupaa, ukichelewa kimeondoka na hela yako. Na kabla hujavuta pumzi kingine kinaruka. Nilimkuta nacho saa nane usiku, mama amelazwa, hela ya dawa imo humo humo kwenye simu.

Bodaboda imerudishwa kwa mwenyewe. Mdogo wangu ana miaka 23. Sasa nauliza watu wazima humu, mimi nifanye nini?

Kapuku Huru
Pole dada, lakini huyo tatizo lake ni tamaa. Mamilioni ya watu tunabeti na nyumba zetu zinakula. Mimi naweka mkeka wa buku Jumamosi, naangalia mechi zangu kwa raha, ukichanika umechanika. Tajiri ana gofu, mimi nina mkeka. Mnataka kutunyima hata hiyo?

Na msitufanye kama kubahatisha kumeanza jana. Bahati nasibu ya taifa ilikuwepo tangu enzi za Mwalimu. Tena maisha yote ya nchi hii ni kamari. Kilimo ni kamari kubwa kuliko kindege. Waulizeni waliolima matikiti kwa kusoma hesabu za WhatsApp, ekari moja milioni nane, leo wako wapi.

Kitunguu Mang'ola
Kapuku, hapo umenigusa pabaya. Mimi nalima vitunguu, na wazazi wangu wamelima. Usifananishe jasho la mtu na kubonyeza simu umelala. Waliopata hasara kwenye matikiti ni watu wa mjini waliomtumia hela shamba boi wakasubiri faida. Huko si kulima.

Mimi bei ikianguka bado nina shamba, nina pampu, nina mbegu niliyoivuna mwenyewe, na ninajua udongo wangu ulikosa nini. Mwaka unaofuata narudi na akili zaidi. Wewe mkeka ukichanika unabaki na nini?

Kapuku Huru
Nabaki na matumaini ya wiki ijayo, kama wewe tu unavyosubiri bei ya vitunguu. Wewe unaijua bei ya Agosti? Huijui. Dalali anaijua. Basi dalali ndiye kasino yako.

Kitunguu Mang'ola
Dalali ananionea, sikatai. Lumbesa inaniua: gunia limeshonwa juu kama kilemba, nalipwa hela ya gunia moja. Lakini huo ni wizi wa vipimo, una sheria yake na unaweza kupigwa vita. Tukikusanya mavuno kwenye chama cha ushirika, dalali anashuka. Nionyeshe wanaobeti walioungana wakaishusha kampuni.

Juma wa Soko la Ilala
Ngoja, madalali tunatukanwa kwa kosa gani? Mnaleta kitunguu kibichi kimelowa maji, kinaoza ndani ya siku tatu, hasara ni ya nani? Lumbesa mnaifunga wenyewe huko shambani ili mzigo utoke haraka. Mimi ninalipia ushuru, upakuaji na gari. Tuheshimiane.

Kitunguu Mang'ola
Tunaifunga wenyewe kwa sababu mkija mnasema bila lumbesa gari linageuza. Umewahi kukaa na mzigo uliovunwa, mvua inatishia, na mwenye gari amewasha injini? Njoo Mang'ola msimu huu uone mkulima anavyobembeleza.

Mwalimu wa Hesabu
Vijana, lumbesa ifungulieni uzi wake. Kapuku amesema kilimo na kamari ni kitu kimoja, na hilo lina jibu la namba.

Kampuni haibahatishi. Kila odi unayopewa, yaani namba inayozidisha dau lako ukishinda, imeshakatwa kidogo. Tuchukue kwamba kwenye kila mechi imekatwa kiasi kwamba kwa wastani shilingi 100 inarudi 95. Mechi moja huoni kitu. Weka mechi kumi kwenye mkeka mmoja: hiyo 95 inajizidisha yenyewe mara kumi, unabaki na takriban 60. Yaani buku yako, kwa wastani, ina thamani ya shilingi 600 kabla mpira haujaanza, na 400 zimeshaliwa. Ndiyo maana wanakupa bonasi ukiongeza timu.

Kindege kinasifiwa kwamba kinarudisha 97 katika kila 100. Ni kweli, ila kwa raundi moja, na raundi moja mara nyingi haifiki dakika. Mtu anayezungusha salio lake lote mara hamsini, kwa wastani anabaki na kama 22 katika 100. Hamsini ni chini ya saa moja. Mkulima anacheza na mvua na soko, na vyote viwili havikupangwa ili yeye ashindwe.

Kapuku Huru
Mwalimu, wastani haunihusu. Kuna Mkenya alikula shilingi zao milioni 221 mwaka 2017 kwa mkeka wa jackpoti. Angesikiliza wastani wako angekuwa wapi?

Mwalimu wa Hesabu
Angekuwa mmoja wa wale wengine wote waliocheza wiki ile ile, ambao wewe na mimi hatuwajui kwa sababu hawakupigwa picha na hundi kubwa ya mfano. Picha ile ndiyo tangazo. Iligharamiwa na walioliwa.

Mama wa Kisauni
Habari zenu ndugu zetu wa Tanzania, nawasoma nikiwa Mombasa. Yule Dereva aliyesema Kenya ilifuta kamari 2019, sivyo. Julai 2019 serikali haikuhuisha leseni za baadhi ya kampuni, kukawa na mvutano wa kodi, mbili kubwa zikafunga. Moja ikarejea 2020. Watu hawakuacha, walihamia kampuni nyingine siku hiyo hiyo. Klabu za Gor Mahia na AFC Leopards zilipoteza udhamini, hilo ni kweli na liliuma.

Na msitutukuze sana. Marufuku ya matangazo imekuja vijana wamekwisha. Mtaani kwetu kijana anakopa kwa simu saa nane usiku, dakika moja hela imeingia, dakika ya pili imeingia kwenye kindege. Nani anakwenda kuuza ng'ombe saa nane usiku? Zamani tamaa ilibidi ingoje asubuhi.

Ustadh Makunduchi
Assalaam alaykum. Al-Maida aya ya 90 imeitaja kamari pamoja na ulevi, ikaviita uchafu katika kazi ya shetani. Aya inayofuata inataja sababu: vinatia uadui na chuki baina ya watu na vinazuia swala. Muulizeni Binti Kahama kama nyumbani kwao wanaongea vizuri leo. Serikali inayokusanya kodi humo nayo ijiulize.

Dereva wa Masafa
Ustadh, kodi hiyo ndiyo inajenga zahanati. Na wasanii mnaotaka wafungiwe, kazi za maonyesho ni za msimu, wanalisha familia.

Msambaa wa Lushoto
Dereva, hata Uingereza wenye ligi yao klabu zilikubaliana Aprili 2023 kuiondoa kamari mbele ya jezi ifikapo mwisho wa msimu wa 2025/26. Kwenye mikono ya jezi wameiacha, na hapo naona wamefanya nusu kazi, lakini wamekubali kwamba kifua cha mchezaji si mahali pake. Simba haitakufa.

Binti Kahama
Nashukuru kwa aya na hesabu. Swali langu bado halijajibiwa. Mdogo wangu hali, halali, jana ameuza simu ya mama.

Muuguzi Dodoma
Dada yangu, pole sana, nimechelewa kuona. Kwanza usikubali neno la tamaa. Shirika la Afya Duniani limeuweka uraibu wa kamari kwenye orodha yake ya magonjwa, kundi moja na uraibu wa pombe na dawa za kulevya. Mtu anafika mahali hachezi ili ashinde, anacheza ili atulie. Ukimtukana anaficha zaidi.

Mpeleke hospitali ya rufaa iliyo karibu nawe, uliza kliniki ya afya ya akili. Muhimbili ipo, Mirembe hapa Dodoma ipo, na si lazima mtu awe amechanganyikiwa ndipo aende. Wakati huo huo laini yake yenye hela akae nayo mtu anayemwamini, na aiandikie kampuni afungiwe akaunti. Madeni yake msiyalipe kimyakimya, kaeni naye myaorodheshe yote mbele yake. Na muulize kwa upole kama amewahi kufikiria kujidhuru. Kuuliza hakumpi wazo hilo, kunampa nafasi ya kusema. Akisema ndiyo, msimwache peke yake, nendeni siku hiyo hiyo.

Kapuku Huru
Muuguzi, kwa hiyo sisi sote tunaobeti ni wagonjwa?

Muuguzi Dodoma
Sijasema hivyo, kaka. Lakini nikuulize, mechi ya mwisho uliyoiangalia bila mkeka ilikuwa lini?

Kapuku Huru
Mambo yangu hayakuhusu. Mimi sijauza simu ya mtu.

Kitunguu Mang'ola
Binti Kahama, kijana akishaonwa na daktari na akitaka kukaa mbali na mjini, shambani kwangu kazi ipo ya kulipwa kila wiki. Hela apokee anayemwamini. Nitumie ujumbe.

Binti Kahama
Asante kaka, asante dada Muuguzi. Laini amekubali kunipa leo, analia. Nimefungua nimekuta madeni ya mikopo ya simu manne, yote ya usiku. Hata kazi hana na bado wanamwambia anastahili kukopa zaidi. Hao nao hamuwazuii?

Mama wa Kisauni
Hao ndio wa kuanza nao, mwanangu. Msanii alimuonyesha mlango tu. Aliyemkopesha ndiye aliyemsukuma ndani.

Msambaa wa Lushoto
Mama, mlango bila wa kuuonyesha angeujuaje?

Dereva wa Masafa
Hilo la mikopo ya usiku hata mimi naunga mkono, wafunge usiku kama baa. Ila jezi muiache.