Mrejesho: kumbe skripti ilikuwa inafungua konekisheni mpya kila rikwesti

Wakuu nimerudi kama nilivyoahidi. Kwa ambao hawakuona, niliuliza mbona skripti yangu ya Python inapiga API (mlango wa kuomba data kwenye seva) moja ileile mara 600 na inajikokota wakati seva yenyewe inajibu fasta. Yule aliyeniambia nicheki konekisheni, asante sana aisee, ulipiga palepale.

Nilikuwa naita requests.get() (ya maktaba ya requests, inayotuma rikwesti) ndani ya lupu, kumbe kila mara inasalimiana na seva upya kwa TCP (kufungua njia ya mawasiliano), halafu TLS (ulinzi wa HTTPS) nayo inaongeza safari zake za kwenda na kurudi (moja kwa TLS 1.3, mbili kwa 1.2), ndo data ianze kuja, ikimaliza inafunga na kuanza tena mwanzo. Nimetengeneza Session() moja nje ya lupu, hiyo inatunza konekisheni itumike tena, ndani naita session.get(), basi. Nikawasha logi za urllib3 (maktaba ambayo requests inaitumia chini kwa chini), ule mstari wa konekisheni mpya uliokuwa unajaza skrini sasa unatokea mara moja tu! Kutoka karibu dakika 5 mpaka dakika 1 na kitu.

Ila kuna kitu kilinila nusu siku nzima, sehemu moja nilikuwa nimeweka stream=True (jibu lisishushwe lote kwa mkupuo) na sisomi jibu lote, sasa usiposoma mpaka mwisho konekisheni hairudi kwenye akiba ya kutumika tena, inafunguliwa nyingine. Nasoma yote sasa, imetulia.

Naenda kwenye skripti ya kupakia mafaili, nayo ina ugonjwa huohuo.