Sósav ni chumvi gani?

Habari za jioni ndugu zangu,

Nimehamia fleti nyingine hapa Debrecen, Hungaria. Bakuli la choo limeshika gamba la kijivu ambalo hata brashi hailing'oi. Bibi jirani kaniandikia neno moja kwenye karatasi: sósav. Kamusi ya Kihungaria inasema só ni chumvi, nikadhani ni chumvi ya kusugulia. Dukani nimepewa chupa ya kimiminika yenye alama ya hatari. Nyumbani nina Hypo (dawa ya klorini ya kung'arisha nguo) nusu chupa. Nikizichanganya si zitafanya kazi vizuri zaidi?

———

Dada, usichanganye! Hypo ihamishie chumba kingine sasa hivi. Ikikutana na sósav inatoa gesi ya klorini, na kwenye choo kisicho na dirisha gesi hiyo inaweza kuua.

Kamusi imekupa nusu ya neno tu. Só ni chumvi kweli (tamka "shoo", maana s yao ni sh yetu), lakini sav ni tindikali. Ikumbuke kwa savanyú, yaani chachu. Ile kabichi ya kuchachusha pale sokoni ni savanyú káposzta. Kwa hiyo sósav ni tindikali ya chumvi, sawa na Salzsäure ya Wajerumani. Zamani chumvi ya jikoni ilitiwa tindikali ya kiberiti (salfa), ikapashwa moto, na mvuke wake ukayeyushwa kwenye maji. Hiyo ya kiberiti nayo ni kénsav. Kén ndiyo ule unga wa njano.

Nayapenda sana majina haya, yanakuambia kitu kimetoka wapi. Ecetsav imetoka kwenye siki, citromsav kwenye limau, na hangyasav kwa sisimizi, maana hangya ni sisimizi na ndiko ilikopatikana kwanza. Ukiona -sav mwishoni, vaa glavu.

Gamba lako linaitwa vízkő, "jiwe la maji". Jaribu kwanza citromsav ya unga, au ecet (siki) ya asilimia 10. Mwaga usiku, sugua asubuhi. Ila hata ecet isikutane na Hypo.

———

Asante sana kaka. Hypo iko roshani, na sósav sijaifungua. Jana saa tatu usiku nilitia citromsav. Asubuhi gamba limelainika kama uji mzito. Chini ya ukingo bado limeng'ang'ania, narudia leo.