Mshauri nasaha wa mtandaoni kaniweka spika mbele ya muuza roleksi, zile chapati za mayai!!!

MamaPacha_Busia
Vidole vinatetemeka, makosa ya herufi mtanisamehe. Mnamjua. Yule wa miwani mikubwa, kila Jumapili anajirekodi akituambia "jipende kwanza." Jina silitaji, mlitaje wenyewe moyoni.

Nimemtumia shilingi 60,000, na ya kutolea juu. Watoto nimewapeleka kwa jirani, nimejifungia jikoni, nimekalia gunia la mkaa. Kamera yake kazima, eti mtandao dhaifu. Haya. Nikaanza kumweleza ya baba watoto, mambo ambayo hata mama mzazi hajayasikia. Nalia, kamasi mpaka kwenye simu. Mara nasikia: "Ongeza nyanya."

ONGEZA NYANYA.

Wallahi nilidhani ni mbinu ya kitaalamu. Nikakaa kimya nikijiuliza nyanya ni nani katika maisha yangu. Ndipo sauti ya kiume ikasema, "Nnyabo, huyo bwana mwache tu, utakufa na presha." Muuza roleksi! Na nyuma yake foleni nzima inaitikia "eee" kama kanisani! Namuuliza mshauri, ananijibu "endelea dada, nakusikiliza," huku anatafuna. Anatafuna, jamani. Nyanya zenyewe zile.

Mzee_wa_Malaba
Pole, mwanangu. Ila muuza roleksi kakupa ushauri wa bure na amepatia. Zile 60,000 ungempa yeye.

Karatasi_Mbili
Acheni utani. Hapa Uganda, Sheria ya Kulinda Data na Faragha ya 2019 inahesabu habari za afya kuwa data maalumu. Kuzitoa kinyume cha sheria ni faini hadi shilingi milioni 4.9, au jela hadi miaka 10, au vyote viwili. Dada, ulitia saini fomu ya ridhaa? Alikuuliza uko wapi, na nani apigiwe ukizidiwa?

MamaPacha_Busia
Fomu gani? Alinitumia namba ya kulipia na picha ya ua. Ningeanguka pale juu ya mkaa, yeye angekuwa bado anaongeza nyanya.

Toto_la_Tororo
Afadhali wako yuko Kampala. Wangu yuko Nairobi. Kenya wana sheria ya washauri na wanasaikolojia tangu 2014, nikamuuliza: ukiniharibia nikushtaki huku au huko? Akanitumia sauti ya dakika saba kuhusu kusamehe.

Mzee_wa_Malaba
Umesamehe?

Toto_la_Tororo
Nimemzuia.

Bwana_Kompyuta
Mnalilia nyanya! Finland kampuni ya tiba ya mazungumzo, Vastaamo, iliibiwa mafaili ya wagonjwa. Mwaka 2020 mwizi akawaandikia mmoja mmoja: lipa euro 200 kwa bitcoin, la sivyo namwaga kila ulichomwambia daktari. Wewe umesikiwa na foleni moja tu.

Nyama_Choma256
Euro 200 kwa siri zangu? Mwenyewe angeona aibu, angeniongezea nauli.

MamaPacha_Busia
Foleni MOJA TU? Mwanamke mmoja pale aliuliza "huyo bwana ni wa wapi?" Na mshauri wangu AKAMJIBU!

Karatasi_Mbili
Hilo sasa ni kesi. Andika tarehe na saa, hifadhi ujumbe wa malipo, peleka malalamiko kwenye Ofisi ya Kulinda Data Binafsi.

Bibi_Harusi_Bado
Msinikumbushe ofisi. Mimi kliniki waliniita kwa ugonjwa wangu. "Wa fangasi, ingia!" Watu thelathini kwenye benchi. Hapo hata intaneti haikuwepo.

Nyama_Choma256
🤣🤣 Wa fangasi, karibu kwenye uzi.

Bwana_Kompyuta
Swali langu ni bando. Video saa nzima unaiwezaje? Walifuta ile kodi ya mitandao ya kijamii ya shilingi 200 kwa siku, 2021 wakaleta kodi ya asilimia 12 juu ya bando. Mimi hata kulia nalia kwa ujumbe mfupi.

Toto_la_Tororo
Bando langu la mwezi limeisha siku ya nne! NANI ANALIKULA?

MamaPacha_Busia
Banange, uzi ni wangu! ONGEZA NYANYA, mmesahau?

Bibi_Harusi_Bado
Hatujasahau. Hiyo roleksi ni ya wapi? Wandegeya siku hizi nyanya wanakata unaona mpaka upande wa pili.

Mzee_wa_Malaba
Wandegeya ipi, ya kwenye taa?

Bibi_Harusi_Bado
Ya kwenye taa, ssebo. Na chapati ni ya jana.