Naomba ushauri: gharama za kufunga kiyoyozi cha kupoza na kupasha joto katika nyumba ya zamani, Dodoma

Ndugu zangu, salaam. Nina nyumba ya zamani hapa Area C, ya tofali za kuchoma na paa la bati. Oktoba na Novemba joto la mchana hubaki ndani hadi usiku wa manane, ilhali Juni na Julai upepo wa baridi hupenya kwenye madirisha ya vioo vya luva kiasi kwamba mama yangu hulala na mablanketi mawili na soksi.

Fundi mmoja amependekeza mtambo mmoja wa kati, wenye mabomba ya hewa juu ya dari. Mwingine anashauri viyoyozi vya ukutani vya inveta (vinavyojirekebisha kasi ili kuokoa umeme), vya BTU 9,000 (kipimo cha nguvu ya kupoza), vinavyotoa baridi na joto, kwa vyumba viwili tu. Naegemea kwa huyu wa pili, kwa kuwa mbao za dari yangu zimechoka, na sioni sababu ya kupoza vyumba visivyolalwa na mtu.

Hofu yangu kubwa ni umeme. Nyaya ni za zamani, na kiyoyozi kinachovuta kilowati moja kwa saa nane kila usiku hula uniti 240 kwa mwezi, wakati mimi niko kwenye tarifu nafuu ya wasiozidi uniti 75 kwa mwezi.

Aliyewahi kufunga katika nyumba ya namna hii naomba anieleze gharama halisi, ikiwemo ya kubadilisha nyaya, na kama ingefaa nianze kwa kubadilisha madirisha na kutandika sponji ya kuzuia joto juu ya dari.