Naomba ushauri: mwanafunzi kaniambia siri, nami nimeahidi kutosema

Habari za jioni ndugu zangu. Mimi ni mwalimu wa malezi na unasihi, sekondari ya bweni hapa Moshi. Nina vipindi 24 vya Kiswahili kwa wiki, kwa hiyo malezi nayafanya jioni, chini ya mparachichi, maana chumba cha unasihi hatuna.

Kuna binti wa kidato cha pili. Tangu tufungue shule anasinzia darasani. Matroni akaniambia usiku hukaa kitandani ameshika viatu vyake, kama mtu anayesubiri gari. Jumanne alikuja mwenyewe. Alikaa kimya muda mrefu akichanachana jani, kisha akasema likizo hataki kurudi kwa mjomba wake. Sababu aliyonipa siwezi kuiandika hapa. "Madam, usimwambie mtu." Nikakubali, na hapo ndipo nilipokosea.

Sheria ya Mtoto ya 2009 inanitaka nitoe taarifa. Namba 116, ya simu ya msaada kwa watoto, ninayo, na Dawati la Jinsia na Watoto la polisi nalijua lilipo. Nitatoa taarifa, hilo halina mjadala. Ila nisaidieni, hasa walimu wa malezi na maafisa ustawi wa jamii: namwambiaje mtoto huyu kwanza, asione nimemsaliti? Anayemlipia michango ni huyo huyo mjomba. Na je, nianze kwa mkuu wa shule, au niende ustawi moja kwa moja?

Kesho jioni atakuja tena pale mtini.